Friedrich, Palmer, Kolbe au Constable: ukitaka miti yako iseme kitu, uanze na nani?

Kama unachora mandhari na umefika ile hatua ambapo mti wako unafanana na mti kabisa ila hausemi kitu, basi watu wa kukaa nao ni wachoraji wa enzi ya Uromantiki, yaani sanaa iliyotanguliza hisia, wale wa Ujerumani na Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1790 mpaka 1840 hivi. Hawa jamaa walichukua mimea, kitu ambacho kwenye picha nyingi za mandhari za kabla yao kilikuwa cha kujazia pembeni, wakaibebesha imani, msiba, siasa, matumaini, kila kitu. Shida ukiingia tu mtandaoni unakutana na michoro kibao, kila mtu ana njia yake, na ukijaribu kuwaiga wote kwa mpigo unatoka na karatasi iliyovurugika. Kwa hiyo naweka hapa wanne, Caspar David Friedrich, Samuel Palmer, Carl Wilhelm Kolbe na John Constable, na nitasema kila mmoja anaiweka wapi maana ya mmea, unahitaji vifaa gani kumfuata, na ni nani anakufaa wewe. Nitakaa sana kwa Friedrich na Palmer kwa sababu hapo ndipo uchaguzi ulipo hasa, hao wengine wawili nitawapitia ila msiwadharau.

Kabla sijaenda mbali kuna kitu nikitoe njiani. Zile orodha zinazozunguka, mwaloni maana yake nguvu, msonobari maana yake tumaini, yungiyungi maana yake usafi wa moyo, zinakusaidia siku ya kwanza halafu baadaye zinakuharibia kazi. Sio kwamba ni uongo. Friedrich alipochora ule msalaba juu ya mlima, picha ya 1807 hadi 1808 inayoitwa Madhabahu ya Tetschen, mkosoaji mmoja anaitwa Ramdohr alimshukia gazetini 1809 kwamba mandhari haina haki ya kupanda madhabahuni, na Friedrich akaeleza kwa maandishi kwamba ile misonobari isiyopukutisha majani imeuzunguka msalaba kama tumaini la wanadamu kwa Kristo. Kwa hiyo tunalo neno lake mwenyewe. Lakini sasa sogea mpaka 1814 uangalie picha yake ya askari wa Kifaransa aliye peke yake msituni, misonobari ni ileile, kijani ni kilekile, ila imesimama kama ukuta mbele ya mtu aliyepotea na nyuma yake kunguru ametulia juu ya kisiki. Hapo yule askari hana tumaini hata chembe, na Wajerumani walioiona picha ile, wakati Napoleon ameshaanguka, hawakuhitaji kuambiwa msitu unamngoja nani. Mti mmoja, mchoraji mmoja, maana mbili. Maana haikai kwenye jina la mti jamani, inakaa kwenye hali ya mti, umesimama wapi, nani yuko karibu nao, na mkono wa mchoraji umeupitia vipi. Na hapo ndipo hawa wanne wanapoachana.

Tuanze na Friedrich. Alizaliwa Greifswald mwaka 1774, pwani ya Baltiki, eneo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya mfalme wa Sweden, akasoma akademi ya Copenhagen kuanzia 1794 mpaka 1798, halafu akahamia Dresden na huko ndiko alikofia 1840. Watu wengi wanamjua kwa picha za mafuta ila jina alilipata kwanza kwa karatasi, 1805 aligawana zawadi ya mashindano ya Weimar yaliyokuwa yanaendeshwa na mshairi Goethe, na alichopeleka ni michoro miwili ya sepia basi. Sepia ni wino wa kahawia unaotoka kwa dome, yule ndugu yake ngisi, na unavyozidi kuuzimua kwa maji unapata ngazi nyingi za ukungu kwa rangi moja tu. Ukishajua hilo unaelewa ule ukungu wake wote umetoka wapi, ulianzia kwenye wino sio kwenye mafuta.

Lakini cha kujifunza kwake kwanza ni penseli. Chukua mchoro wake wa mti, hata mmoja tu, uukuze kwenye skrini. Utaona karatasi tupu imeachwa nyingi, mti umekaa hapo bila ardhi, bila mbingu, saa nyingine ni nusu ya mti tu. Mstari ni mwembamba na tawi limefuatwa kuanzia linapochomoza kwenye shina mpaka ncha, likipinda limepindwa hapohapo lilipopinda, likivunjika limevunjika, hakuna majani yaliyorushwarushwa kwa kukisia. Pembeni ameandika tarehe, na mara nyingi ameweka alama ya usawa wa macho yake ili akifika nyumbani ajue mti ule aliutazama kutokea wapi. Halafu daftari linafungwa. Miaka inapita, na mti uleule unaibuka kwenye picha ya mafuta, sasa uko kwenye theluji, una magofu nyuma yake, una kaburi la kale miguuni, vitu ambavyo havikuwepo kabisa pale alipouchora.

Hiyo ndiyo njia yake yote. Mti anauchora kwa ukweli kana kwamba hauna maana yoyote, halafu maana anaileta baadaye kwa kuchagua auweke wapi na kando ya nini. Na mfano mzuri kuliko yote kwangu ni zile picha mbili za baridi za 1811 ambazo ukiweza zifungue zote mbili kwa pamoja. Moja iko Schwerin, Ujerumani: uwanda wa theluji, visiki, mialoni iliyokufa imenyoosha matawi, na katikati kizee kadogo kameegemea mkongojo, hakuna hata mlango wa kutokea. Ya pili iko National Gallery ya London: theluji ileile, ila sasa kuna misonobari michanga ya kijani, kati yake msalaba, na mtu ameegemea jiwe anaomba, mikongojo yake ameitupa kule kwenye theluji. Nyuma kwenye ukungu kuna kanisa na minara yake imechongoka kwa umbo lilelile la misonobari, kiasi kwamba jicho linashindwa kuamua kipi kimeiga kipi. Na ukisogea karibu kabisa, pale chini mbele, kuna vijani vya majani vimetoboa theluji. Vidogo sana. Watu wanaizungumza misonobari na kanisa wanaviacha vile vijani, na mimi naona ndivyo vinavyobeba picha, kwa sababu misonobari iko kijani mwaka mzima kwa hiyo haina habari mpya, ila jani linalotoboa theluji linakuambia kitu kinatokea sasa hivi.

Kuna pia ule mwaloni wa peke yake wa 1822, uko Berlin kwenye Alte Nationalgalerie, aliagizwa na mfanyabiashara wa benki anaitwa Wagener. Kilele kimekufa, kimegawanyika kavu juu, lakini chini bado kuna majani na mchungaji ameegemea shina na kondoo wake wanakula karibu na bwawa. Wafasiri wanabishana mpaka leo, wengine wanasema ni imani ya kale inayokufa, wengine wanasema ni taifa lililopigwa na radi ya vita likabaki wima, na ukumbuke mwaloni wakati huo ulishaingizwa kwenye siasa waziwazi, hata Msalaba wa Chuma, nishani ambayo dola ya Kijerumani ya Prussia iliitoa 1813 kwenye vita dhidi ya Napoleon, ulikuwa na majani ya mwaloni. Mimi siamini lazima uchague upande. Tazama tu alivyofanya: kifo kiko juu kwenye anga, uhai uko chini kwa watu. Angegeuza, majani juu na shina bovu chini, mchungaji angekuwa kwenye hatari na picha ingekuwa nyingine kabisa.

Anamfaa nani? Mtu mwenye subira na asiye na hela, penseli na karatasi vinatosha. Mtu ambaye bado anakisia matawi. Hatari yake ni kwamba ni rahisi mno kumuiga kwa juu juu, mti mkavu, ukungu, mtu amegeuza mgongo, tayari una "Friedrich" na hakuna kitu ndani. Ukimfuata bila zile saa za penseli utabaki na pozi tu.

Sasa Samuel Palmer, na hapa lazima niseme wazi moyo wangu uko kwake. Alizaliwa London 1805, akafa 1881, na kazi inayotuhusu aliifanya akiwa kijana mdogo kabisa. 1824 alipelekwa na mchoraji John Linnell kuonana na William Blake, mshairi na mchoraji ambaye wakati huo alikuwa mzee, na mwaka uliofuata, Palmer akiwa na miaka 20, akatoa michoro sita ya sepia ambayo sasa iko Makumbusho ya Ashmolean kule Oxford. Halafu akahamia kijiji cha Shoreham, Kent, akakaa huko karibu muongo mzima, akitembelewa na marafiki zake waliojiita Wakale, maana waliamini zamani palikuwa na utakatifu ambao zama zao zimeupoteza.

Ile michoro sita sio wino wa maji mepesi kama wa Friedrich. Ni kalamu na wino mzito wa kahawia, brashi, halafu gundi, gundi ya migunga ileile inayotoka Sudani, imechanganywa humo na juu imepakwa vanishi, kwa hiyo imekuwa mizito, inang'aa kidogo, imekolea kama asali iliyokaa. Chukua ule wa bonde lililojaa ngano, kichwa chake kimetoka Zaburi ya 65. Mbele kabisa kuna mzee wa ndevu amejilaza katikati ya ngano anasoma kitabu, na ngano sio rangi ya jumla ya shamba, ni masuke, moja moja, kila suke lina punje zake, kubwa kuliko inavyowezekana kwa umbali ule. Nyuma miganda imesimamishwa, kondoo, mnara wa kanisa, vilima vimefura kama mikate, na mwezi mzima mkubwa mno. Hakuna sehemu ya karatasi iliyopumzika. Kwenye ule wa asubuhi na mapema kuna mti mmoja katikati umevimba kama uyoga, majani yake yamechorwa kwa vidoa vidogo vilivyopangwa safu safu, na kwenye njia kuna sungura, amekaa tu.

Kwa Palmer hakuna mmea uliowekwa kama alama kando ya kitu kingine. Wingi wenyewe ndio maana. Friedrich anakupa jani moja likitoboa theluji na unalisoma kama tumaini, Palmer anakupa ngano mpaka zinakufika shingoni na huna cha kusoma, unashiba tu. Ndio maana nasema kwake maana iko mkononi, iko kwenye alama ya kalamu, lile tendo la kurudia suke baada ya suke baada ya suke bila kuchoka ni kama tasbihi, na ukiacha kurudia ukaamua kufupisha, ile baraka inaondoka hapohapo na linabaki shamba.

Ila msimchukulie kama mtu wa ndoto tu asiyejua mti. Linnell alimsukuma sana achore miti ya kweli, na 1828 Palmer akaenda bustani ya Lullingstone, karibu na Shoreham, akachora mialoni mikongwe kwa kalamu, penseli na rangi za maji, na mingine ya michoro hiyo ni ya kutisha, shina limejikunja kama misuli, gamba limefuatwa ufa kwa ufa. Wakati huohuo alimwandikia rafiki yake George Richmond kwamba Linnell anamwambia michoro ya namna hii ya mandhari ya Shoreham ingemuingizia pauni elfu moja kwa mwaka, na yeye akasema anaichora kwa ajili ya Linnell sawa ila hatakubali kuwa mnakili wa maumbile kwa kazi ya maisha. Pauni elfu moja wakati ule ni utajiri. Mimi ile barua huwa inanigusa kwa sababu ni kijana wa miaka 23 anakataa njia iliyo salama, na bado mialoni aliyoichora kwa shingo upande ni kati ya mialoni bora iliyowahi kuchorwa na mkono wa mtu.

Na kuna upande mwingine ambao unafaa kuujua kabla hujaanza kunakili neema yake. Lile bonde lenye ngano halikuwa peponi. 1830 ghasia za vibarua wa mashamba zilianzia hukohuko Kent, watu wanavunja mashine za kupuria nafaka na kuchoma marundo ya ngano kwa njaa na ujira mdogo. Kwa hiyo ngano za Palmer ni maombi, sio ripoti, na ukiziangalia hivyo zinakuwa na uzito zaidi, sio kidogo. Baada ya kuondoka Shoreham miaka ya 1830 katikati ule moto ulipoa, zile kazi alizifungia kwenye folda yake mwenyewe, na 1909 mwanawe alichoma moto nyingi sana za karatasi za baba yake. Tulichonacho ni kilichosalia.

Anamfaa nani? Mtu ambaye penseli yake tayari ni nzuri lakini baridi. Mtu anayechora kila kitu sawasawa na hakuna anayesimama kutazama. Hatari yake ni utamu, ukimuiga vibaya unatoka na kadi ya sikukuu, vilima mviringo na mwezi. Dawa ni ileile aliyotumia Linnell kwake, kachore mti wa kweli kwanza.

Ukiwaweka hawa wawili sambamba kuna tofauti moja ya kazi ambayo kwa mtu anayechagua ni kubwa kuliko falsafa yote. Friedrich anasamehe mwanzo anaadhibu mwisho: mchoro wa penseli ukikosea unafuta, ila siku ya kupanga picha ukiweka mti robo kushoto tu kila kitu kinakufa. Palmer ni kinyume, mpangilio wake ni wa kirafiki, unajaza, ila kalamu na wino mzito haufutiki na ukishaanza kurudia alama vibaya karatasi nzima inageuka manyoya. Kingine ni mtu na mmea nani mkubwa. Kwa Friedrich mti uko mbali na mtu, wanatazamana, kuna hewa kati yao. Kwa Palmer mtu yuko ndani ya mmea, amelala humo, kichwa kinachomoza kwenye masuke.

Na hilo la ukubwa ndilo linalonileta kwa Kolbe kwa sababu yeye alilipeleka mpaka mwisho. Carl Wilhelm Kolbe, mtu wa Berlin aliyeishi zaidi Dessau na akafia huko 1835, alikuwa mwalimu wa Kifaransa na mtaalamu wa lugha aliyeingia kwenye sanaa amechelewa, na alipenda mialoni mpaka watu wakamwita Kolbe wa Mialoni. Kazi yake ni bamba la shaba, unalipaka nta, unachora kwa sindano, asidi inakula pale ulipokwangua, halafu unachapa, na alitoa michoro ya namna hiyo kama 300. Ila za kutafuta ni zile za magugu: majani mapana ya kando ya maji, matete, mboga za porini, yamekua makubwa kuliko watu, na katikati yake wapenzi au ng'ombe wadogo kabisa. Ile maarufu ya 1801 ina watu wawili mbele ya kaburi la mawe, na majani yamewazidi kimo, yamelizunguka kaburi kana kwamba yamelimeza. Hakuna msalaba, hakuna malaika. Ni jani tu lenye mishipa yake iliyochorwa vizuri, limeongezwa ukubwa, na ghafla kifo na uhai viko mbele yako. Kama unapenda kuchora mimea midogo ya karibu, ile unayoikanyaga, huyu ndiye wako, na huhitaji asidi wala mashine, kalamu ya ncha nyembamba na wino mweusi vinakufikisha kwenye mistari yake bila shida, maana mistari yake ni ya kulala sambamba na kufuata mgongo wa jani. Hatari: hana ngazi nyingi za hisia, ukishaelewa mbinu umeelewa.

Constable ni mtu wa aina nyingine kabisa, na kwa kweli ukimuuliza mtu wa alama za siri atakwambia hana. Mtoto wa mwenye vinu vya kusaga nafaka, Suffolk, 1776 hadi 1837. Alipochora kwa penseli ile miti mirefu ya elmu kwenye bustani ya Old Hall, East Bergholt, Oktoba 1817, alichora miti ileile, ya pale pale, siku ile. Ila sikiliza alichosimulia kwenye mhadhara wake wa Hampstead 1836. Aliwaonyesha watu mchoro wa mti mmoja mzuri wa jamii ya eshi uliokuwa unasimama pale unapoingia kijijini, akauita binti, akasema alimchora akiwa na afya tele. Baadaye akapita akakuta wamempigilia ubao ubavuni, misumari miwili mirefu imezama, na ubao unasema wazururaji na ombaomba watashughulikiwa kwa sheria. Akasema mti ulikuwa kama umeisikia ile aibu, matawi ya juu yakaanza kukauka, mwaka mwingine nusu yake ikapooza, kisha nusu iliyobaki, mwisho wakamkata wakaacha kisiki, urefu wa kutosha tu kushikilia ubao.

Mimi sijui alama gani kwenye kamusi yoyote inafikia hapo. Kwa Constable maana ni historia ya mti mmoja, sio ya aina ya mti. Anakufaa kama kuna mti unaoufahamu, ule wa kwenu, wa uani au wa kituoni, na unataka mchoro wake uwe picha ya mtu. Penseli, karatasi, na kurudi kwenye mti uleule mara nyingi. Hasara yake ni kwamba asiyejua kisa cha mti anaweza kupita bila kuguswa, inabidi uchoraji wenyewe uwe na nguvu sana, na yake ilikuwa nayo.

Kuna atakayeuliza mbona simtaji Philipp Otto Runge, Mjerumani mwingine wa enzi hiyohiyo. Namtaja: Wolgast 1777, Hamburg 1810, kafa na miaka 33 tu, na zile karatasi zake nne za Nyakati za siku, alizochora 1803 na zikachapwa 1805, ni mimea mitupu, mayungiyungi, mawaridi, watoto wamekaa juu ya maua, na Goethe alizitundika kwenye chumba chake cha muziki. Lakini kwake ua limetolewa kwenye ardhi likawa pambo na hesabu, mandhari yenyewe imeondoka. Kama unafanya nakshi, vitambaa, majalada, mtafute, tena anza na ile mimea aliyokuwa anaikata kwa mkasi kwenye karatasi nyeupe. Kwa mandhari sio wa kuanza naye.

Sasa uchague vipi. Mialoni huku kwetu hatuna, wengi tunaijua kwa ile ya Mamre kwenye kitabu cha Mwanzo, kwa hiyo usihamishe mti, hamisha njia. Kama matawi yako bado ya kukisia, nenda kwa Friedrich, na usiguse picha za ukungu mpaka umenakili michoro yake ya penseli ya miti mitupu mpaka mkono unajua tawi linatokaje kwenye shina. Kama una mti mmoja unaoupenda, Constable, hamna mjadala. Kama uko mjini na unachoweza kuchora ni magugu ya kwenye ufa wa ukuta, Kolbe atakufungulia dunia. Na kama unajua kuchora tayari na unachokosa ni joto, nenda kwa Palmer moja kwa moja, usiogope.

Wale walio katikati ya Friedrich na Palmer, wanaotaka ukweli wa yule na moto wa huyu, na nadhani ndio wengi, mimi ningewaanzishia Lullingstone. Michoro ile ya 1828 ndiyo mahali pekee ambapo Palmer anafanya kazi ya Friedrich, mti mmoja umetazamwa ufa kwa ufa, na bado unaona mkono unatetemeka kwa kile anachokiamini. Mmoja una mwaloni mkubwa mbele na uko Morgan Library, New York, na picha yake ipo kwenye tovuti yao. Ishushe ile yenye ukubwa wote hata kama itakula bando, uikuze kwenye shina pale chini kushoto na kulia, na unakili kipande cha ukubwa wa kiganja tu kwanza, gamba peke yake, kabla hujafikiria majani.